Kikwembe cha Vichwa vya Samaki

Mkono wa Hawa ulikuwa bado ndani ya mfuko. Hapo ndipo tulipomwacha, na najua wapo kati yenu ambao mmenilaani wiki nzima kwa kuwakatia utamu. Haya, acheni kuninunia, mkono unatoka.

Kwa aliyechelewa, nimvushe upesi. Mama Hawa wa mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, huendesha mnada wa nguo kuukuu kwenye Facebook kila Jumamosi mchana. Akina mama wa Kindu humletea nguo wasizozitaka tena, yeye huzikunjua moja moja sebuleni mbele ya simu, na watazamaji hupandishana bei kwa kuandika. Mumewe Yassine ndiye hushika simu, na ndiye husoma bei kwa sauti, kwa sababu macho ya Hawa hayafiki tena kwenye herufi ndogo.

Jumamosi ile mfuko ulikuwa wa Albertine, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Ulikuwa umeletwa na Déborah, bintiye Albertine, baada ya matanga ya baba yake, mzee Florentin, kumalizika. Makoti ya marehemu yaliuzwa, mashati yakaisha, Hawa akaingiza mkono tena, vidole vikagusa kitu, na akauacha mkono humo humo mbele ya mamia ya watu.

Mkono ulitoka na libaya ya samaki, blauzi ya kitenge. Samaki wakubwa wa buluu kwenye kitambaa cha njano, midomo wazi. Nyuma yake vikafuata vikwembe vyake viwili vya kujifunga, komple nzima.

Simu ikatikisika. Mtazamaji mmoja akaandika kwamba picha inacheza, mwingine akauliza kama Kindu kuna tetemeko.

"Ile weka pembeni, Mama Asumani," Yassine akamwambia mkewe. "Imezeeka. Batu banangoja makoti."

"Makoti imekwisha."

"Basi chukua ingine."

Hawa hakuchukua nyingine. Alijiambia kwamba nguo hiyo ni ya Albertine tu, maana Albertine alikuwa nayo ya namna hiyo hiyo na mtaa mzima ulijua. Akakunjua kikwembe cha kwanza, hakuona kitu. Akakunjua cha pili, akalifuata pindo mpaka mwisho. Pale mwishoni palikuwa na safu ya vichwa vitupu vya samaki, vichwa bila miili, vilivyokatwa nyuma ya mashavu.

Ile nguo haikuwa ya Albertine. Vichwa vilikuwa vyake yeye Hawa, na kwa jinsi alivyoambiwa, viliondoka duniani miaka ya vita.

Rudini nami huko nyuma kidogo, sitawachelewesha.

Kabla mji haujazibwa kabisa na vita, Hawa na Albertine walichanga wakanunua kitambaa kimoja kizima sokoni. Wasichana walioshibana walifanya hivyo: mnanunua pamoja, mnakipasua katikati kwa mikono bila mkasi, na kuanzia siku hiyo mnaitana kwa jina la nguo. Wawili hao walishika huku na huku wakavuta, na mpasuko ukapita katikati ya safu ya samaki. Vichwa vikabaki kwa Hawa, mikia kwa Albertine.

"Bangu banakula," Hawa alisema, akionyesha midomo ya samaki wake.

"Bangu banakimbia," Albertine akajibu, wakacheka mpaka mwenye duka akawafukuza. Fundi hakuikata ile safu, kwa sababu siku zile hakuna aliyekubali kupoteza hata shubiri ya nguo. Tangu hapo wakawa wanaitana Samaki.

Hawa alikuwa mke wa Asumani, kaka mkubwa wa Yassine. Asumani alisukuma baiskeli, kinga kama tunavyoiita, yenye robota la mitumba mpaka Kalima na kurudi. Siku moja askari waliokuwa wanaushika mji walimsimamisha, wakafungua robota, wakakuta chini kabisa chumvi na betri za radio. Wakasema ni vitu vya wapiganaji wa msituni, adui zao. Asumani aliapa kwamba hajui vimefikaje humo. Wakampeleka kwenye kambi yao ya Alunguli, ng'ambo ya mto, wakasema watamhukumu siku ya soko.

Wakati huo treni ilikuwa haiji na kikwembe kipya kilikuwa hakipatikani kwa fedha yoyote. Ilisemekana mke wa komanda aliwahi kumtoa mtu kifungoni kwa ajili ya komple moja. Hawa alikuwa ameivaa yake mara moja tu, siku ya Idi. Mimba ilikuwa kubwa, miguu imevimba, pirogi ya kuvuka mto asingeiweza. Aliikunja ile nguo akaitia mikononi mwa mwenzake.

"Samaki yangu, usirudi bila bwana yangu."

Albertine alirudi jioni mikono mitupu. Alisema wameichukua nguo, na Asumani wamemuua vilevile. Wakalia pamoja kwenye mkeka mmoja.

Mtoto akazaliwa, akapewa jina la baba yake. Eda ikaisha, wazee wakakaa, na Yassine akamrithi mke wa kaka yake. Alikuwa mume mwema, tusimnyime haki yake. Hakumpiga, hakumtukana, alimsomesha yule kijana mpaka akaweza kujitegemea, na leo Asumani Mudogo ni mfanyabiashara wa Kampene, aliyekuwa njiani kurudi nyumbani siku hiyo hiyo ya mnada. Kila mwaka Yassine alichinja mbuzi wa hitima ya kaka yake. Hawa alimshukuru Mungu kwa rafiki na kwa mume, maana wengi walitoka vitani bila hata kimoja.

Sasa vichwa vya samaki vilikuwa mikononi mwake, sebuleni kwake. Kama askari walivichukua, vilifikaje kwenye sanduku la Albertine?

Wapo wanawake ambao wakiumizwa hupiga kelele. Hawa si wa hao. Aliitundika libaya kwenye kamba, akanyoosha kikwembe mpaka vichwa vyote vikaonekana vizuri, akaitazama simu.

"Ba mama, hii komple ni ya wakati ya vita," akasema kwa sauti ile ile ya kuuzia mashuka. "Ilivaliwa mara moja tu. Mwenyewe yake hakuiuzisha, hakuitupa, na leo iko hapa. Tuanze na elfu kumi. Yassine, soma."

Yassine alisafisha koo. "Mama Odette, elfu kumi."

"Nani anaongeza?"

"Gisèle wa kule mtaa wa Kasuku, elfu kumi na mbili." Mstari uliofuata akauruka.

"Soma."

"Kuko muntu hapa, jina yake Maua Meupe. Anasema elfu mia moja."

Watazamaji wakamwaga vicheko. Maua Meupe hakuwa na picha ya uso, wala hakuwahi kununua hata leso kwenye mnada ule. Gisèle akaandika kwamba yeye anajitoa, apewe kichaa nguo yake. Kabla hajamaliza kucheka, Maua Meupe akaandika tena.

"Sasa anasema elfu mia mbili," Yassine akasoma. "Anajipandishia yeye mwenyewe."

Hawa akajua. Mtu anayepandisha bei bila mshindani haitaki nguo, anataka nguo isiendelee kuonekana.

"Maua Meupe, nimekusikia," akaiambia simu. "Komple ni yako. Lakini hii sitaituma na mwenye pikipiki. Kuja mwenyewe, sasa, nikupatie mukononi. Usipokuja, nitaelezea batu hii kikwembe iko ya nani."

"Tufunge, Mama Asumani," Yassine akasema. "Betri inakwisha."

"Simu iko inachaji."

"Mega za intaneti njo zinakwisha. Ngoja nitoke ninunue."

"Mega niliweka asubuhi. Simama hapo hapo, Yassine."

Akasimama. Wapo wanaume ambao hukaidi maisha yao yote, wakaja kutii siku ile ambayo wangefaa kukimbia.

Pikipiki ilisikika uani wakati Hawa anauza shuka la pili. Albertine aliingia na ndala za nyumbani, kitambaa cha kichwa kimevaliwa ndani nje. Hakubisha hodi wala hakusalimu. Akamwona Hawa, akaona kikwembe, akaona simu.

"Samaki yangu, funga simu kwanza."

"Leo miye muuzaji, weye mununuzi. Tuongee ya kununua."

"Hawa, nakuomba. Ni Déborah. Nilimwambia afungue sanduku, auzishe vyote, ila ile ya samaki asiiguse. Akakuta za samaki ziko mbili. Akaacha moja, akafikiri hii ingine haina kazi."

"Aliacha ya mikia."

"Ndiyo."

"Njo kusema hii ya vichwa ilikuwa kwako. Miaka yote hii."

Albertine alikaa juu ya rundo la nguo za watu bila kukaribishwa. Kwenye simu watazamaji walikuwa wanaongezeka, maana watu wa Kindu wakisikia harufu ya mambo hawahitaji kualikwa. Wengine walikuwa wanawapigia dada zao waache sufuria motoni waje kutazama.

"Uliniambia walichukua," Hawa akasema, na sasa sauti yake ilikuwa inakatika. "Nililala na weye kwenye mukeka moja. Nilikuambia Mungu akulipe kwa kuvuka mayi ya mto juu yangu. Ulivuka kweli, Albertine? Ao ulikaa kwenye kivuko, ukaona kikwembe ni kizuri, ukaacha bwana yangu afe juu ya nguo?"

Hilo lilimuuma Albertine kuliko yote. "Nilivuka. Mungu anajua nilivuka. Funga simu, nitakuambia mpaka mwisho."

"Kindu yote ilinipa pole na uongo yako. Kindu yote isikie."

"Papa Yassine," Albertine akasema, macho chini, "ambia bibi yako afunge simu."

"Ni kweli, Hawa," Yassine akasema. "Haya ni mambo ya ba mama. Haifai batu basikie."

"Ukifunga hiyo simu, leo usilale humu."

Wasomaji wangu, ningekuwa sebuleni pale ningemfumba mdomo Hawa kwa mikono yangu miwili. Lakini mwanamke alikuwa amesalitiwa, na alitaka aibu ya rafiki yake ifike mpaka Kampene. Hakuna aliyemzuia.

"Basi," Albertine akasema. Akajifuta uso kwa upindo wa nguo. "Nilifika kwa bibi ya komanda. Nikamupatia kikwembe. Akakifungua, akakipenda, akakifunga kiunoni. Halafu akauliza ni ya kumukomboa nani. Nikasema, Asumani, mwenye kinga. Akakivua. Akanirudishia mukononi. Akasema, 'Huyu walimumaliza asubuhi. Miye sivae nguo ya kumukomboa muntu mwenye kufa.'"

Hawa alishika kamba iliyotundikwa libaya.

"Nikamuuliza mbona asubuhi, wakati walisema watangoja siku ya soko. Akasema walikuwa wanangoja shahidi, na shahidi alikuja. Akanionyesha na kidevu. Alikuwa ameikala kwenye barza pamoja na komanda, anakula wali kwenye sahani moja naye."

"Shahidi ya nini?"

"Mwenye kusema ile chumvi ni ya Asumani."

"Nani?"

"Kumbuka, Hawa. Ile asubuhi, nani alifunga robota kwenye kinga?"

Hawa alikumbuka. Alikuwa amekaa mlangoni na mimba yake, Asumani anakunywa uji. Kijana mmoja alikuwa amepiga magoti kando ya baiskeli, anavuta kamba za mpira kwa meno. Alimwambia kaka yake amalize uji taratibu, mzigo atamfungia yeye.

Picha kwenye simu ilitikisika tena. Safari hii hakuna aliyeandika habari za tetemeko.

"Tulirudi na yeye pirogi moja," Albertine akaendelea, na maneno sasa yalimtoka kwa haraka. "Katikati ya mayi akaniambia, ukirudisha kikwembe, Hawa atauliza kwa nini walikirudisha. Sema walichukua. Nikakataa. Akasema basi na Florentin atakufa, sababu Florentin njo alikuwa anapokea ile chumvi kule musituni. Na ilikuwa kweli. Bwana yangu na yeye walikuwa kazi moja. Nikachagua bwana yangu."

"Na vita ilipokwisha?"

"Ulikuwa tayari bibi yake, na mutoto mugongoni. Nikasema, nimutoe bwana wa pili na kinywa yangu? Nani atamulisha? Mwaka ikapita, na ingine, nikashindwa. Kukivaa nilishindwa, kukichoma nilishindwa. Niliogopa mpaka Florentin alipokufa, na alipokufa nikaogopa bado."

Hawa hakujua aanze kumchukia nani. Rafiki yake alikuwa amelia machozi ya kweli juu ya uongo, na yeye akayapokea kama dawa. Na yule mwingine alikuwa amesimama hatua chache mbele yake, ameshika simu kwa mikono miwili kama alivyoishika kila Jumamosi.

"Yassine," akasema.

"Nilikuwa kijana," Yassine akajibu. "Walinikamata na miye. Waliniuliza chumvi ni ya nani. Muntu akiwekewa bunduki kwenye kichwa anajibu."

"Na wali?"

"Wali gani?"

"Wali uliokula na komanda. Na yenyewe ulilazimishwa na bunduki?"

Yassine alitazama kikwembe, akatazama ukuta. Alipopata maneno, yalikuwa ya chini sana.

"Nilimulea mutoto wake. Hakukosa masomo, hakukosa viatu. Nilikuweka vizuri. Ile hauione?"

Hawa alikuwa anaiona, na ndiyo iliyokuwa inamchoma. Alikuwa anawaona mbuzi wa hitima, mmoja kila mwaka, na Yassine akifuta damu kwenye kisu na kuomba dua kaka yake asamehewe. Alikuwa ameitikia amina pamoja naye. Kama angekuwa mume mbaya, leo angejua mahali pa kuweka chuki yake. Alikuwa amelala, amekula na amezeeka kando ya mtu aliyemfanya mjane, na alikuwa amemshukuru.

Simu ikalia. Macho ya Yassine yakashuka kwenye kioo kwa mazoea, na yakabaki huko.

"Soma," Hawa akasema.

"Hapana kitu."

"Kazi yako ni kusoma. Soma."

"Asumani Mudogo," Yassine akasoma.

Albertine akaweka mkono mdomoni.

"Anasema nini mutoto wangu?"

"Anasema... 'Hii komple musimupatie muntu. Naichukua miye, bei yoyote. Niko Alunguli, naingia pirogi. Mama, usifunge simu.'"

"Haijakwisha hapo. Nakuona macho."

"'Na Baba asitoke.'"

Kijana yule hakuwahi kumwita Yassine kwa jina lingine lolote tangu aanze kusema. Yassine aliilaza simu juu ya rundo la nguo, kioo kikitazama chini, na watazamaji wakabaki kuona mabati tu. Walisikia miguu ikitafuta viatu sakafuni. Walisikia mwanamke analia, na kila aliyemjua Albertine alijua ni yeye.

Hawa hakulia. Mlango ulikuwa nyuma yake. Kikwembe cha vichwa vya samaki kilikuwa begani kwake. Bila kugeuka alipeleka mkono nyuma, na watu wote wa mnada, kutoka Kasuku mpaka Kampene, wakasikia komeo likiingia.

"Ikala hapo chini, Yassine," akasema. "Mununuzi iko njiani."